Kuifundisha Make itazame yaliyomo, si saa peke yake

Tangu Stuart Feldman alipoiandika pale Bell Labs mwaka 1976, Make, programu inayojenga programu nyingine kutoka faili za msimbo, huamua kazi kwa swali moja: faili ipi ni mpya kuliko nyingine? Haifungui faili kuona kilichobadilika, inasoma saa tu. Sasa hamia tawi jingine la git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, kisha urudi. Kila faili iliyotofautiana kati ya matawi hayo imeandikwa upya na kupewa saa mpya, ingawa herufi ni zile zile. Make inakompaili tena, yaani inageuza upya msimbo kuwa faili za `.o` za mashine, nawe unangoja.

Dawa haihitaji programu nyingine. Kwa kila faili tunaweka kifaili kidogo cha alama chenye hesabu ya `cksum`, yaani namba inayotokana na yaliyomo, na tunakigusa pale tu hesabu inapobadilika. Hii ndiyo Makefile, faili ya maelekezo ya Make:

```
all: programu

define pima
$(1).alama: LAZIMA
	@cksum < $(1) > $$@.tmp
	@cmp -s $$@.tmp $$@ && rm $$@.tmp || mv $$@.tmp $$@
endef

FAILI := $(wildcard *.c *.h)
$(foreach f,$(FAILI),$(eval $(call pima,$(f))))

.PHONY: all LAZIMA
LAZIMA:

%.o: %.c.alama
	$(CC) $(CFLAGS) -c $*.c -o $@
```

`LAZIMA` haipatikani kamwe kama faili, kwa hiyo upimaji unafanyika kila mara. Lakini `mv` isipofanyika, saa ya alama haisogei, na `.o` inaachwa ilivyo. Kernel ya Linux hutumia mbinu hiyo hiyo katika `filechk` yake.

Mahali watu wanapokwama ni zile alama mbili za dola. `call` inapanua maandishi mara ya kwanza, `eval` inayasoma tena kama Makefile. Ukiandika `$@` (jina la lengo, yaani faili inayotengenezwa) yenye dola moja, inapanuliwa mapema, wakati bado hakuna lengo lolote, na unabaki na amri inayoandika kwenye faili iitwayo `.tmp` tu. Nafasi baada ya koma nayo huweza kuwa balaa: `$(call pima, $(f))` hupeleka jina lenye nafasi mbele yake. Na ukiipokea Makefile kwa WhatsApp, Tab huenda zimegeuka nafasi. Utaona `missing separator`. Mstari wa `all` lazima utangulie, la sivyo lengo la kwanza linakuwa faili ya alama na `make` tupu haijengi chochote cha maana.

Faili za `.h`, zile ambazo faili za `.c` huzijumuisha ndani yake, zinataka uangalifu zaidi. Bendera ya `-MMD` ya kompaila ya gcc hutoa faili za `.d`, orodha za utegemezi zinazotaja `.c` na `.h` zenyewe, kwa hiyo ukizijumuisha hivyo hivyo, saa inarudi kwa mlango wa nyuma. Zipitishe kwanza kwenye `sed 's/\.[ch]/&.alama/g'`, ndipo uzijumuishe kwa `-include`. Kama kuna `.h` iliyo nje ya `FAILI`, Make italalamika kwamba haina kanuni ya kutengeneza alama yake.

Weka `*.alama` kwenye `.gitignore`. Git ikianza kuzisimamia, inazipa saa mpya nazo, na umerudi ulikotoka.

Mbinu hii haiponyi saa iliyorudi nyuma. Kompyuta nyingi za ex-UK zinazouzwa Kisumu na Kakamega zina betri ya CR2032 iliyokufa kwenye ubao mama. Stima ikipotea na kurudi, mashine inaamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Alama mpya inaonekana nzee kuliko `.o`, na Make inasema kazi imekwisha. Ukiona onyo la `Clock skew detected`, andika `date` kabla ya kulaumu Makefile, kisha nunua betri. Kadhalika ukibeba mradi kwa flashi, tumia `cp -a`. Amri ya `cp` ya kawaida inavuruga saa za alama na za `.o` pamoja.

Stima hiyo hiyo inaweza kukatika kompaila ikiwa katikati ya kuandika. `.DELETE_ON_ERROR` hufuta lengo pale amri iliposhindwa, lakini hapa Make yenyewe imezimika, hakuna wa kufuta. Andika `-o $@.tmp`, halafu `mv $@.tmp $@`.

Tangu toleo 4.0 la mwaka 2013, GNU Make inakubali pia fanksheni zilizoandikwa kwa C na kupakiwa kwa `load`. Faili `pima.so` lazima iwe na kigeu kiitwacho `plugin_is_GPL_compatible` na fanksheni `pima_gmk_setup` inayorudisha thamani isiyo sifuri. Ndani yake unaita `gmk_add_function`. Matokeo unayorudisha yatoke kwenye `gmk_alloc`. Ukirudisha maandishi yaliyokaa ndani ya msimbo wenyewe, Make itajaribu kuyaachilia na kuanguka.

Kwa maoni yangu, usiende huko kabla `$(shell)`, inayoendesha amri za nje ya Make, haijakuchelewesha kweli kweli, na mara nyingi ucheleweshaji huo unatokana na kuandika `=` pahali pa `:=`, amri ikaendeshwa upya kila kigeu kinapotajwa. Halafu mwenzako wa Nakuru mwenye Mac atakuwa na Make 3.81 ya 2006, ambayo `load` haiijui kabisa. Msimbo ule wa juu anauendesha bila kubadilisha herufi. Kama bado unataka C, tia `$(info $(.FEATURES))` mwanzoni mwa Makefile na utafute neno `load` kwenye orodha itakayotoka.