Kifundo cha winga wetu: nilivyopunguza majeraha kwenye timu ya wasichana, Lamu

Watu hudhani kinachomtoa msichana kwenye mpira hapa Amu ni mzazi kukataa. Wazazi hukataa, ndiyo, lakini ukimfuata mzazi nyumbani ukakaa naye barazani, mara nyingi hukubali. Kinachowatoa kwa wingi ni mguu. Binti anateguka kifundo, anakaa nyumbani wiki moja, anarudi akichechemea, anateguka tena, na hapo mama yake anasema basi, shika vitabu. Timu ya shule yetu ilikuwa ikipoteza wachezaji namna hiyo kila muhula. Mimi ndiye mwalimu wa michezo, nikaona hili ni langu.

Nilianza na daftari. Kila aliyeumia nilimwandika: tarehe, sehemu ya mwili, alikuwa akifanya nini, tulikuwa tukichezea wapi, mazoezi mangapi yalimpita. Utaratibu huo si wa kwangu. Mtafiti wa Uholanzi, Willem van Mechelen, na wenzake waliuandika mwaka 1992: kwanza ujue ukubwa wa tatizo, kisha chanzo chake, kisha uweke kinga, halafu upime upya uone kama kinga imefaa. Sisi makocha wengi hurukia hatua ya tatu. Mtu akiona video ya mazoezi kwenye simu usiku, asubuhi keshawapanga watoto mstari.

Daftari lilisema mambo mawili. Vifundo vya miguu vilizidi majeraha mengine yote, na karibu kila aliyeteguka alikuwa amewahi kuteguka mguu uleule. Hili la pili watafiti wanalijua siku nyingi: hakuna dalili kubwa ya kwamba kifundo kitateguka kuliko kuwa kimeshateguka. Jambo lingine lilikuwa la kwetu wenyewe. Siku tulizohama uwanja ndizo zilizoumiza. Sisi hucheza panapopatikana. Uwanja wa Twaif wakiwapo wavulana, tunakwenda Shela maji yakipwa, tucheze kwenye mchanga mgumu wa ufuoni. Siku nyingine tunabaki shuleni, ambapo upande mmoja wa kiwanja ni mchanga mwororo na upande wa pili ni kifusi chenye vipande vya mawe ya matumbawe. Mguu uliozoea kuzama ukikutana ghafla na jiwe, umeshapinda kabla mwenyewe hajajua.

Kinga niliyoichagua ni FIFA 11+. Ni mazoezi ya kupasha misuli moto yanayochukua dakika 20 hivi, ya sehemu tatu: kukimbia taratibu huku ukifungua nyonga, kisha nguvu, kuruka na kusimama kwa mguu mmoja, mwisho kukimbia kwa kasi na kukata kona. Hayataki kifaa chochote ila mpira, na hilo lilinivutia mapema, maana bajeti yetu ya michezo ni mipira miwili na maneno mazuri.

Lililonivutia zaidi ni kwamba yalipimwa kwa wasichana. Watafiti wa Norwei waliwafuatilia wachezaji 1,892 wa miaka 13 hadi 17, wakatoa matokeo mwaka 2008: katika timu zilizoyafanya, majeraha makubwa yalipungua karibu nusu. Na asije mtu akaniambia hayo ni ya Wazungu wenye viwanja vya nyasi. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya vijana wa kiume wa Lagos, miaka 14 hadi 19, na huko majeraha yalipungua kwa asilimia 41.

Sehemu niliyoing'ang'ania ni kuruka na kutua. Msichana anayecheza mpira ana hatari zaidi ya mara mbili ya mvulana ya kukata ile kano ya katikati ya goti ambayo mashabiki huiita ACL. Tena mara nyingi hakuguswa na mtu: ametua, au amegeuka, na goti likaangukia ndani. Sasa, kumwambia binti wa miaka kumi na tano “goti lisiingie ndani” ni kazi bure, haoni goti lake akiwa hewani. Nikawapeleka Shela maji yamepwa, kwenye mchanga ulio laini kidogo lakini wenye unyevu, nikawaambia waruke, watue kwa miguu yote miwili, watulie, kisha watoke bila kukanyaga walipotua.

Nyayo zikabaki. Za aliyetua vizuri zina kina sawasawa, kisigino mpaka vidole. Za yule ambaye magoti yake hukutana zimezama upande wa kidole gumba, na ukingo wa nje umechoreka kidogo tu, mstari mwembamba. Sikuwa na haja ya kuhubiri. Walianza kupimana wao kwa wao, huyu akiinamia nyayo za mwenzake na kucheka, kisha akiruka mwenyewe na kunyamaza. Baada ya hapo nikisema “goti juu ya kidole cha pili” wananielewa.

Ugumu haukuwa kuyaanza mazoezi bali kuyaendeleza. Yule ambaye hajaumia haoni faida ya kujiinua ubavu kwenye mchanga huku wavulana wakipita njia. Katika utafiti ule wa Norwei pia, timu zilizoyafanya mara nyingi ndizo zilizofaidika zaidi, kwa hiyo mara mbili kwa wiki sikuipunguza. Nilimkabidhi nahodha ayaongoze yeye, mimi nikakaa pembeni kutazama magoti. Ramadhani tulibakiza sehemu ya katikati tu, jioni, kivulini, maana sikutaka kumkimbiza mtu mwenye kiu ya saumu.

Pamoja na hayo, winga wetu wa kushoto aliteguka. Ni yuleyule ambaye kila msimu alikuwa akikosa mechi kwa kifundo kilekile. Alikuwa akikata kona upande wa kifusi, mguu ukapinda kwa ndani, akaketi chini ameushika kwa mikono miwili.

Nilichotaka kujua kwanza ni kama mfupa umevunjika, kwa sababu kupiga eksirei ni safari na gharama, na wazazi huuliza. Kuna kanuni zilizotungwa Ottawa, Kanada, zikachapishwa mwaka 1992, na ni nyepesi kiasi cha kukaririwa. Bonyeza kwa kidole sentimita 6 za mwisho za ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, upande wa nje na wa ndani, mpaka nchani. Bonyeza mzizi wa mfupa ule unaoelekea kidole kidogo, katikati ya ukingo wa nje wa mguu. Bonyeza na kimfupa kilicho mbele ya kifundo, upande wa ndani. Kisha mwambie atembee hatua nne, hata kwa kuchechemea. Mfupa ukiuma mahali popote hapo, au hatua nne zikamshinda, anakwenda hospitali. Mguu uliopinda sura yake au uliokufa ganzi hauna haja ya kanuni, ni kwenda moja kwa moja.

Alitembea hatua nne akiuma meno. Mifupa haikuuma. Palipouma ni mbele kidogo na chini ya kifundo cha nje, ambapo ipo kano inayotangulia kuumia mguu unapopinda kwa ndani. Nikamfunga kwa leso, tukamwinua mguu juu ya begi, na mmoja akakimbilia barafu kwa wachuuzi wa samaki. Barafu niliitumia kwa maumivu tu, imefungwa nguoni, dakika kama kumi. Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeieneza dunia nzima mwaka 1978 kwenye fomula ya kupumzika, barafu, kubana na kuinua, baadaye mwenyewe alisema barafu na mapumziko kamili yanaweza kuchelewesha kupona.

Kazi kubwa ilikuwa nyumbani kwao. Nilimkuta Bibi yake ameshabandika kijungu cha mafuta ya nazi. Nikaubusu mkono wake, nikakaa mkekani.

“Mwalimu, mguu huu umetoka mahali pake. Lazima uvutwe urudi.”

“Haujatoka, Bibi. Kano zimevutika, na ndani bado kunavuja damu. Ukikandwa leo, tena kwa mafuta ya moto, utazidi kuvimba.”

“Mimi nimewakanda mabaharia wa mji huu wewe hujazaliwa.”

“Najua, ndiyo maana sikuja kukuzuia. Nakuomba siku tatu tu. Baada ya hapo mkono wako nitauhitaji.”

Alinitazama, akaepua kijungu. “Tatu. Ya nne usinijie na vitabu vyako.”

Alitimiza ahadi, nami nikatimiza yangu. Siku ya nne alianza kumkanda shavu la mguu, taratibu, mbali na pale palipovimba, na binti akaacha kutembea amekaza mguu wote kwa woga. Zaidi ya hapo nilimpa Bibi kazi ya kusimamia. Rafiki yangu mmoja niliyesoma naye, sasa ni mtaalamu wa fiziotherapia Mombasa, ndiye aliyenipangia hatua kwa simu. Mwanzo, kuandika herufi hewani kwa kidole gumba, a mpaka z, mradi maumivu yasizidi. Halafu kusukuma mguu kwa nje dhidi ya kipande cha tyubu ya pikipiki kilichofungwa kwenye tendegu la kitanda, ili misuli ya upande wa nje wa mguu ipate nguvu. Halafu kuinua visigino kwenye ngazi ya mawe mlangoni, miguu miwili, baadaye mmoja. Bibi ndiye aliyehesabu, na hakuwa na huruma.

Zoezi nililolisisitiza kuliko yote ni kusimama kwa mguu mmoja. Kano ikiumia, neva zilizomo ndani yake zinazoiambia akili mguu umekaaje huumia pia, na baadaye habari hufika kwa kuchelewa, kama simu yenye mtandao mbovu. Kwa hiyo mguu uliopona maumivu bado unaweza kupinda bila kujizuia. Alisimama akipiga mswaki, kisha amefumba macho, kisha juu ya godoro lililokunjwa. Uholanzi walilijaribu jambo hili kwa wanamichezo 522 waliokuwa wameteguka, utafiti wao ukatoka mwaka 2009: waliofanya mazoezi ya mizani nyumbani kwao kwa wiki 8, bila msimamizi, walipunguza hatari ya kuteguka tena kwa asilimia 35. Wale hawakuwa hata na Bibi.

Maumivu yaliisha mapema, na hapo ndipo mgogoro ulipoanza. Mechi ilikuwa karibu na mwalimu mkuu alimwona akipanda ngazi za shule bila shida.

“Mbona anatembea vizuri?”

“Kutembea anaweza, Mwalimu. Nipe nafasi nimpime, ukaone mwenyewe.”

Nilibandika utepe sakafuni, mistari mitatu kutoka pointi moja: mmoja mbele, miwili nyuma kwa mshazari. Unasimama kwa mguu mmoja katikati, unanyoosha mwingine mbali uwezavyo, unagusa utepe kwa ncha ya kidole na kurudi bila kuanguka. Kisha unabadilisha mguu. Kwa wachezaji wa mpira wa kikapu wa shule za upili Marekani ilionekana kwamba tofauti ya zaidi ya sentimita 4 kati ya miguu, kwenye mstari wa mbele, huongeza hatari ya kuumia mara mbili na nusu. Winga wetu, akisimamia mguu mzima, aligusa mbali kwa raha. Akisimamia ule mwingine kisigino kiliinuka, kifundo kikatetemeka, na alama yake ikabaki nyuma kwa upana wa kiganja. Halafu akaruka kwa mguu mmoja kwenda mbele. Wataalamu hutaka mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake. Haukufika.

Mwalimu mkuu aliutazama utepe, akaondoka. Binti alilia, akakaa benchi, na tulifungwa. Siwezi kusema ningeshinda naye. Ninachojua ni kwamba msimu uliotangulia alirudi kwa sababu hakuwa na maumivu, na kila mtu akaridhika, kisha daftari likapata mstari mwingine.

Tulipompima tena baadaye, miguu ilikuwa karibu sawa. Hata hivyo hakuingia mechi siku hiyo. Alikimbia mstari ulionyooka kwanza, kisha kona, kisha mpira bila kugongana na mtu, kisha mazoezi kamili, na kifusi tulikiacha mwisho kabisa. Alicheza muhula uliobaki amefungwa utepe kifundoni, na mswaki bado anapigia mguu mmoja. Kwa wengine pia vifundo vimepungua sana daftarini. Vidole vya makipa havijapungua, na sikutegemea vipungue, maana mazoezi haya hayagusi mikono. Hilo nalitafutia njia yake.

Kurasa zile zilifaa mahali nisipotarajia. Kwenye mkutano wa wazazi niliwasomea ni mazoezi mangapi yaliyopotea upande wa kifusi peke yake, wakanyamaza, kisha wakaanza kubishana namna ya kukiondoa. Mmoja alisema tuchote mchanga vilima vya Shela, akakatazwa palepale na wazee, kwa kuwa vilima vile ndivyo vinavyotunza maji matamu ya mji. Ikakubaliwa mawe yaokotwe kwa mkono na punda wawili wayabebe. Nusu ya upande ule sasa ni safi. Nusu iliyobaki tumeizungushia kamba, na mpira ukiangukia huko anaufuata mmoja, kwa kutembea.