Mama wa Mkungu

Julai 2019 nilikuwa nafinyanga mama anayepeleka mkungu wa ndizi gulioni Tengeru. Wa kwanza alikuwa wa udongo juu ya kiunzi cha waya, sentimita 30 tu. Mwenye bustani aliyeniagizia, kule Usa River, alimtaka wa mita 1.8. Mpwa wangu alikuwa likizo, akaniambia, "Shangazi, niachie nimpige picha."

Tulimweka kwenye meza ya kuzunguka, barazani Sakina. Mawingu ya Julai, ambayo Arusha nzima huyanung'unikia, yalitufaa sana kwa kuwa hayaachi kivuli kikali. Tulingoja udongo ukauke juu, maana mng'ao huichanganya programu ya kompyuta inayounganisha picha kuwa umbo la pande tatu, inapotafuta alama zilezile katika picha mbili. Kijana akapiga, akazungusha kidogo, akapiga tena. Asubuhi mama yule alikuwa kwenye kioo cha kompyuta, na alama za vidole vyangu zikionekana kwenye kanga yake. Nilifurahi mno. Nilikuwa nimeogopa kwamba mashine ingemlainisha kama mdoli wa dukani.

Tukamkuza mara 6 ndani ya Blender, programu ya kuunda maumbo ya pande tatu, kisha mpwa wangu akaweka jua la saa sita mchana. Uso wote ukazama kwenye kivuli cha mkungu. Barazani, chini ya mawingu yale, tusingeliona jambo hilo.

"Naweza kuusogeza mkungu nyuma hapahapa, Shangazi."

Nikamkataza. Mzigo ukirudi nyuma, shingo haibaki ilivyokuwa. Nilichukua ngata, nikajitwika ndoo ya maji, nikatembea uani huku nikiisogeza kidogo kidogo. Kidevu kilitoka mbele, mgongo ukanyooka, mkono mmoja ukapanda wenyewe kushika ukingo. Mwili unayajua hayo tangu utotoni. Nikarudi kwenye udongo mikono ikiwa bado inakumbuka, nikausukuma mkungu kwa dole gumba, na shingo ikaufuata.

Kilibaki kifundo cha mguu. Ukikuza urefu mara 6, uzito hukua mara 216, ilhali eneo la kifundo kinachoubeba, ukikikata na kulipima, hukua mara 36 tu. Nikaiteremsha kanga nyuma hadi iguse ardhi, nondo zipate pa kupita.

Tukampiga picha upya. Kompyuta ikamgawa vipande 36 vya sentimita 5, tukavichapisha kwenye karatasi, nikavikata kwa waya wa moto katika lile povu gumu jeupe linalofungashiwa televisheni. Nikavipanga, nikavizungushia wavu wa kuku, nikapaka saruji. Uso na vidole nilivifinyanga upya kwa mkono, saruji ikiwa bado mbichi. Kwenye udongo mdogo kope ilikuwa mkwaruzo mmoja wa kijiti, na mkwaruzo huo ukikuzwa mara 6 unakuwa mfereji.