Siku moja na mahujaji wetu Roma

Saa 12:00 asubuhi. Kabla ya kushuka kwenye metro najaza chupa yangu kwenye bomba la mtaani. Roma ina mabomba haya karibu 2,500, yalianza kuwekwa mwaka 1874, na maji yake ni bure. Wenyeji huyaita nasoni, yaani mapua makubwa, kwa jinsi mdomo wake ulivyopinda. Ukiuziba kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia tundu dogo na unakunywa bila kikombe.

Saa 2:30. Nawapokea mahujaji kutoka Songea mbele ya Colosseum. "Shikamooni!" Wamama wanaitikia kwa pamoja, na uchovu wa kuamka mapema unaniisha. Nawaonyesha namba za Kirumi zilizochongwa juu ya matao: uwanja huu uliozinduliwa mwaka 80 ulikuwa na milango 80, na mtazamaji alijua aingilie upi. Mashimo yaliyotapakaa ukutani si ya risasi. Watu wa Zama za Kati walichimbua vyuma vilivyoshikanisha mawe.

Saa 6:00 mchana mzinga unalia kutoka kilima cha Gianicolo. Papa Pius IX aliianzisha desturi hiyo mwaka 1847 ili kengele za makanisa zilie zote kwa wakati mmoja. Mvua nayo inaanza, nami nafurahi kimoyomoyo, maana tunaelekea Pantheon, hekalu la kale la Kirumi ambalo sasa ni kanisa.

Saa 7:00. Hapa ndipo ninapoipendea kazi hii. Kuba lina tundu la duara juu kabisa, upana wake karibu mita 9, halina kioo wala kifuniko, na mvua inashuka ndani kama nguzo nyeupe. Mama mmoja ananyoosha kiganja, matone yanamdundia. Sakafu imeinuka kidogo katikati, ina vitundu vya kupitisha maji, kwa hiyo hayatuami.

Baba mmoja, fundi ujenzi, haangalii mvua. Ameinua shingo.

"Dada, nondo zimepita wapi?"

"Hakuna hata moja, baba."

Ananyamaza. Namweleza: ni zege la chokaa na jivu la volkano, la enzi ya Kaisari Hadrian, karne ya 2. Upana wa kuba ni mita 43.3, na kutoka sakafuni hadi juu ni mita hizo hizo. Chini wameweka kokoto nzito na unene wa mita 6 hivi. Kadiri linavyopanda linakonda, na juu kabisa kuna mawe ya volkano mepesi kiasi cha kuelea majini. Mpaka leo hakuna kuba la zege lisilo na nondo linalolizidi.

"Na hilo tundu linapunguza uzito," anasema mwenyewe. Naam, fundi ni fundi.

Saa 9:00 tuko chemchemi ya Trevi. Agrippa, kiongozi wa Kirumi ambaye jina lake limechongwa mbele ya Pantheon, ndiye aliyeleta mfereji wa maji wa Acqua Vergine mwaka 19 KK, na mfereji huo bado unailisha chemchemi hii. Wamama wanatupa sarafu. Wanafurahi kusikia zinakusanywa na kupewa Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki.

Saa 12:00 jioni, kwenye basi, fundi ananiomba nimtumie picha ya lile kuba. Anataka kuwaonyesha vijana wake saiti. Namtumia saba.