Jinsi Nilivyotatua Mlango wa Gari Uliokataa Kuutambua Uso Wangu Asubuhi

Kwa wiki mbili mfululizo gari langu lilinifungulia mlango kila jioni bila shida, lakini asubuhi nilipogusa kitasa na kuitazama kamera iliyo kwenye nguzo kati ya milango, taa yake ndogo iliwaka nyekundu na mlango ukabaki umefungwa. Nilifuta uso wangu kwenye mfumo na kuusajili upya mara mbili, bila mafanikio.

Kilichonifumbua macho ni kuona kwamba, asubuhi, jua lilikuwa mgongoni mwangu, likiimulika kamera moja kwa moja. Kamera za aina hii huumulika uso kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na ndiyo maana hufanya kazi hata gizani. Hata hivyo, jua nalo hutoa infraredi nyingi. Nilipoinama na kukitazama kioo cha kamera kwa ubavu, niliona utando mwembamba wa nta ya kung'arishia gari, wenye mistari ya mviringo iliyoachwa na kitambaa. Utando huo ulikuwa ukiutawanya mwanga wa jua na kuifanya picha yote ififie.

Niliusafisha kwa kitambaa laini chenye maji na sabuni kidogo, nikakausha, kisha nikausajili uso wangu kwa mara ya mwisho nikiwa kivulini. Kesho yake, jua likiwa palepale, mlango ulifunguka mara moja. Ufunguo wa kawaida bado ninao mfukoni, na namsihi kila mwenye gari la namna hii asiuache nyumbani.