Ubeti Uliokaririwa Mara Tatu

Alhamisi, usiku

Nimerudi mazoezini sasa hivi, vidole vya mkono wa kushoto vinawaka moto. Wiki ya tatu hii tunajiandaa kwa usiku mmoja tu: kupiga taarabu ya harusi moja ya zamani, wimbo kwa wimbo, kama ilivyo kwenye kaseti ambayo Maalim aliirithi kwa mjomba wake. Mpangilio ule ule, bashrafu ile ile ya kufungulia, ya ala tupu bila kuimba, fidla nne, udi, kanuni ya nyuzi, nai ya kupuliza, akodiani, dumbaki. Hata suti nyeusi na tai nyekundu. Maalim kaandika kila kitu kwenye daftari la skuli, mpaka pale mpiga nai anapokohoa. (Hilo la kukohoa tulimwomba alifute. Akakubali, shingo upande.)

Mimi napiga fidla ya pili. Kwenye wimbo wa nne, mwenzangu wa kwenye kaseti anawahi kuingia, nusu pigo kabla ya wengine, halafu anajirudi haraka kama mtu aliyefungua mlango usio wake. Maalim anataka na mimi niwahi vilevile. Basi wiki nzima najifunza kukosea bila kukosea, na nyumbani naulizwa, "Leo umekosea vizuri?"

Kinachonikaa kooni lakini si hilo. Ni ubeti wa tatu wa wimbo huo huo, ambao mwimbaji anaukariri mara tatu. Ukitega sikio utajua kwa nini: vigelegele, viti vinasogezwa, mwanamke anacheka karibu kabisa na maikrofoni. Watu wanatunza. Mtu kaguswa na ubeti, au anataka fulani ajue kwamba ubeti ni wake, basi anainuka na noti yake juu, anakuja kwa maringo, wala hana haraka. Mwimbaji hawezi kumwacha njiani. Anaurudia mpaka pesa ifike. Kama usiku ule wangeinuka wengi zaidi, ungekaririwa mara tano, na leo Maalim angetuamrisha mara tano.

Nikamuuliza, "Na asipoinuka mtu?"

"Tunakariri mara tatu."

"Na wakiinuka kumi?"

"Mara tatu, mwanangu. Ndivyo ilivyo."

Binamu yangu anatembeza wageni Mji Mkongwe, na hapiti Shangani bila kuwasimamisha kwenye makumbusho ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, aliyezaliwa hapa Unguja mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara. Nilipomsimulia habari za kaseti akanionesha kwenye simu bendi moja inayoiga Queen: masharubu, koti la njano kama lile la Wembley mwaka 1986, hata ngumi inarushwa juu vilevile. Nikacheka. Halafu nikanyamaza, maana na mimi nina tai nyekundu kabatini.

Usiku ule nikakesha kwenye intaneti nikiwatafuta wengine wa aina hiyo. Wapo Dark Star Orchestra, walioanzia Chicago mwaka 1997. Wanachagua onyesho moja la Grateful Dead, bendi ya zamani ya Marekani, wanapiga nyimbo zake kwa mpangilio wake, na mwisho kabisa ndipo wanawatajia watazamaji lilikuwa la tarehe gani na wapi. Maalim angewapenda hawa. Ila Grateful Dead walikuwa watu wa kubuni papo kwa papo jukwaani, kwa hiyo waigaji wao nao, wakishaingia ndani ya wimbo, hubuni ya kwao. Njia wameazima, usukani wanashika wenyewe.

Na kwetu alikuwepo Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyemtangulia, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na santuri za zama zile upande mmoja ulichukua dakika tatu hivi. Wimbo ulikwisha kwa sababu sahani imekwisha. Lau Kidude angeziiga santuri zile, angenyamaza dakika ya tatu. Hakuziiga. Alizichukua nyimbo za Siti akaziimba kwa sauti yake ile ya kukwaruza, peku, kwa namna yake, mpaka uzeeni kabisa, na sijasikia mtu akisema kamvunjia Siti heshima.

Nisimwonee Maalim, hata hivyo. Wazee wale wa kwenye kaseti walikuwa wakiburuta upinde mrefu, sauti ya mwisho wakaiacha ife yenyewe. Sisi tumezoea kuikata. Miaka 12 nimeshika fidla na sikuwahi kulisikia hilo mpaka nilipolazimishwa kuliiga. Ningekuwa na uamuzi mimi, ningeiga kila kitu cha mkono na upinde, hata kule kuwahi kwangu, nikauacha wazi ubeti ule tu. Ule haukuwa wa wapigaji peke yao. Nusu yake ni ya yule mwanamke anayecheka, na yeye hayumo daftarini.

Leo sasa. Shangazi alipita kilabuni kuchukua ufunguo kwangu, akakuta tumeshaanza, akakaa kitako kwenye jamvi akingoja. Ubeti wa tatu ulipofika nikamwona anajizoa, noti ya 2,000 juu, buibui linamteleza begani. Goti lake bovu, kwa hiyo taratibu yake si ya maringo tu. Mwimbaji akakariri mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akatupa jicho daftarini, akaingia ubeti wa nne. Shangazi yuko katikati ya chumba, mkono hewani.

"Ehee! Mnanikimbia?"

Muziki ukafa mmoja mmoja, dumbaki mwisho. Sote tukamtazama Maalim. Akalifunga daftari, kidole kimebaki ndani kwenye ukurasa, hakusema kitu. Shangazi akamaliza safari yake kimya kimya, akailaza noti juu ya kanuni, akachukua ufunguo wake akenda zake.

Kesho tuna mazoezi tena, saa 2 usiku. Nimempigia simu Shangazi nikamwambia aje, na aje na wenziwe.