Kumbukumbu ya mradi: Gambiti ya Malkia Iliyokataliwa (ufunguzi wa mchezo wa chesi), upande wa Mweusi

Katika hoja, K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi; pasipo herufi kubwa ni askari; x ni kula, + ni kumtisha mfalme, O-O ni mfalme kujificha kando ya ngome, na nukta tatu ni zamu ya Mweusi. Mistari (mfululizo wa hoja) ya 4. Bg5 imeshaingia daftarini, pamoja na mtego wa kuujua kabla ya lolote: 1. d4 d5 2. c4 e6 3. Nc3 Nf6 4. Bg5 Nbd7 5. cxd5 exd5 6. Nxd5? Askari wa d5 anaonekana wa bure kwa kuwa farasi wa f6 amemkinga malkia wake. Lakini 6...Nxd5! 7. Bxd8 Bb4+, na Mweupe hana la kuzibia ila 8. Qd2, ambako malkia wake naye analiwa. Hesabu ikiisha, Mweusi amepata farasi kwa askari mmoja.

Sasa kazi iko kwenye mabadilishano, yaani Mweupe anapobadilisha askari wa katikati mapema: 4. cxd5 exd5 5. Bg5 Be7 6. e3 O-O 7. Bd3 Nbd7 8. Qc2 Re8 9. Nf3 Nf8 10. O-O c6. Ngome inakwenda e8 ili kumpisha farasi f8, na akiwa hapo analinda h7, mraba ambao malkia na askofu wa Mweupe wanaukodolea macho. Farasi wa f6 anabaki huru.

Askofu wa c8, anayelalamikiwa na kila mchezaji wa ufunguzi huu, hapa kafunguliwa njia, kwa kuwa askari wa e6 ameondoka. Asiharakishwe. Badala ya 5...Be7, mstari wa 5...c6 6. e3 Bf5 7. Qf3 Bg6 8. Bxf6 Qxf6 9. Qxf6 gxf6 inamwachia Mweusi askari wawili waliopandana safu ya f. Inachezeka, ila ni kibarua kirefu cha kujihami.

Sehemu nzito ni shambulizi la wachache. Upande wa malkia, Mweupe ana askari wawili, a na b, dhidi ya watatu wa Mweusi. Anapeleka Rab1, b4, b5, kisha bxc6. Askari wa c6 anabaki dhaifu mbele ya ngome zilizopangwa safu ya c. Ukimla b5 wewe kwanza, d5 anabaki mkiwa.

Dawa inaanza na 11. Rab1 a5 12. a3 g6 13. b4 axb4 14. axb4 Ne6 15. Bh4 Ng7, halafu Bf5: yule askofu mkorofi anabadilishwa na askofu mzuri wa Mweupe, yule wa d3 asiyezuiwa na askari wake. Njia ya pili ni kuweka b5 mwenyewe na kupeleka farasi c4, aifunge safu ya c. Hapo ndipo a5 inapolipa. Bila kubadilishana askari wa a kwanza, Mweupe anajibu a4 na ukuta unabomoka. Farasi akiwa mbali na c4, b5 ni kujichimbia kaburi, maana c6 hapati tena msaada wa askari.

Nyenzo za kujifunzia hazikosekani: Capablanca na Alekhine walipogombea ubingwa wa dunia Buenos Aires mwaka 1927, michezo 32 kati ya 34 ilikuwa ya ufunguzi huu.

Kinachofuata ni 9. Nge2 badala ya 9. Nf3, ambapo Mweupe anaacha upande wa malkia na kuandaa f3 na e4. Pale c5 ikichezwa kwa wakati wake ina uzito kuliko c6.