Kuua seli za kansa kwenye kisahani siyo kazi

Kila wiki mitandaoni nakuta "mmea fulani unaua kansa, imethibitishwa maabara", naingia kusoma nakuta ni dondoo limewekwa kwenye seli ndani ya kisahani cha plastiki, basi. Sasa jamani, seli zikiwa peke yake pale hata pombe inaziua.

Inavyofanyika ni hivi, majani au magome yanakaushwa, yanasagwa, yanalowekwa kwenye ethanoli au maji, unachuja unakausha, kinachobaki ndo dondoo. Unaliyeyusha, mara nyingi kwa DMSO (kimiminika cha kuyeyushia), afu unaweka dozi tofauti tofauti kwenye sahani ya vishimo 96 yenye seli, mfano HeLa, seli za kansa ya shingo ya kizazi zilizotoka kwa mgonjwa Mmarekani Henrietta Lacks mwaka 1951. Baada ya siku mbili tatu unaongeza kemikali ya njano iitwayo MTT, seli hai zinaigeuza zambarau, zilizokufa haziwezi, mashine inapima rangi unapata IC50, yaani kiwango kinachopunguza seli kwa nusu.

Hapa ndo pana mtego ambao wengi wanaupita tu. Mimea mingi ina kemikali zinazoweza kuigeuza MTT kuwa zambarau zenyewe, bila seli hata moja! Kwa hiyo lazima kuwe na vishimo vyenye dondoo bila seli, na vingine vyenye seli na DMSO peke yake, maana DMSO ikizidi nayo inaua. Ripoti isiyo na hivyo vyote mimi siiamini kabisa. Na dozi nayo, dondoo ghafi kwa kawaida linahesabiwa lina nguvu IC50 ikiwa chini ya maikrogramu 20 au 30 kwa mililita, mtu akikuletea 500 anasema limefanya kazi, hapana. Afu swali kubwa kuliko yote, seli za kawaida zisizo na kansa zilifanywaje na dondoo hilohilo? Kama nazo zimekufa hiyo ni sumu tu.

Siidharau mimea, naipenda sana. Vinblastini, dawa ya kansa, ilitoka kwenye mmea wa maua uitwao Catharanthus roseus, Robert Noble na Charles Beer huko Kanada walikuwa wanafuatilia kisukari wakaona chembe nyeupe za damu zinashuka, wakatangaza 1958. Paklitaksel, dawa nyingine ya kansa, magome ya mti wake yalikusanywa 1962, ruhusa Marekani ikaja 1992, miaka 30! Na kila dawa hapo ni kemikali moja iliyosafishwa na kupimwa dozi, mgonjwa hachemshiwi majani.

Kinachoniuma ni mgonjwa anayeacha matibabu kwa sababu ya kichwa cha habari, au anayechanganya kimyakimya. Hypericum perforatum, mmea wanaoutumia watu kwa sonona, unalifanya ini liimeng'enye haraka irinotekani, dawa ya kansa ya utumbo, kiwango cha sehemu yake inayofanya kazi kwenye damu kinashuka na daktari hajui kwa nini. Mwambieni daktari kila mnachokunywa, hata kama ni chai tu.